Kosa la zamani lisikufungie kazi

Kijana, ukisaka kazi hapa Kenya unaijua safari ya cheti cha tabia njema: unachukuliwa alama za vidole, kisha unangoja DCI.

Kule California, Marekani, pia hawachezi. Wanaowasaidia wananchi kujisajili kwenye Covered California, soko la umma la bima ya afya lililoanza usajili Oktoba 2013, huchukuliwa alama za vidole. Mbona? Wanaona mapato yako na nambari yako ya hifadhi ya jamii. Tapeli anataka nini zaidi?

Lakini rekodi ikiwa na doa, unaarifiwa kwanza. Unaweza kupinga makosa yaliyomo, au kuonyesha umebadilika.

Hilo tuige. Kuchunguzwa sawa, kuhukumiwa mara mbili, zii!