Ufa wa kiangazi usikimbilie kuuziba

Wahenga walituachia usemi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo ni wa kweli katika mambo mengi, lakini leo naomba ruhusa yao niuwekee sharti moja. Kama nyumba yako imesimama juu ya udongo wa mfinyanzi, na ufa umetokea mwezi wa Septemba, ukiuziba kwa pupa utauziba tena mwakani, na mwaka wa tatu vilevile. Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta.

Mwaka 2014 nilijenga nyumba ndogo Kibaha, mkoani Pwani, katika kiwanja chenye udongo wa kijivu ambao wakati wa masika hunata hadi ukakuvua kandambili. Fundi wangu, mzee mwenye umri wa baba yangu, alipochimba msingi futi mbili alisimama akaniambia: "Mwandishi, tuongeze kina, ardhi hii si ya kuiamini." Nilipiga hesabu ya saruji na nondo, nikamwambia aanze kupanga matofali.

Kiangazi cha pili nyufa zilitokea kwenye pembe za madirisha, zikapanda mshazari hadi kwenye linta. Nilimwita yule mzee nikamwambia, mbele ya majirani, kwamba ameiba saruji yangu. Hakujibu neno. Aliziangalia zile nyufa, akaaga, akaondoka.

Nilimlipa mtu mwingine akaziba. Masika yalipofika nyufa zilijibana zenyewe, na ile lipu mpya ikabanduka kwa kukosa nafasi. Septemba iliyofuata zikafunguka upya. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: ni saruji gani iliyoibwa ambayo hurudi wakati wa mvua?

Jibu lilikuwa chini ya miguu yangu. Chembe ya mchanga unaweza kuiona kwa macho. Chembe ya mfinyanzi haifiki sehemu 2 kati ya 1,000 za milimita moja, na umbo lake ni bapa kama ukurasa wa kitabu. Maji hung'ang'ania kwenye nyuso za chembe, na mfinyanzi una nyuso nyingi ajabu. Upo mfinyanzi uitwao smektaiti, ambao huvimba kuliko aina nyingine. Gramu 1 tu ya smektaiti safi, ukiweza kutandaza nyuso zake zote, hufikia mita za mraba zipatazo 800, yaani karibu viwanja viwili vya mpira wa kikapu. Maji hupenya hata katikati ya kurasa zake na kuzisukuma zitengane. Ndiyo sababu udongo huo hunenepa ukilowa.

Sasa tutazame unavyokauka. Baada ya mvua kubwa, maji ya kwanza kuondoka ni yale yaliyo katika matundu makubwa. Hayo huteremka chini kwa siku mbili tatu, hewa ikachukua nafasi yake, na udongo haubadiliki sana. Kisha jua, upepo na mizizi huanza kuyavuta yale yaliyoshikana na chembe. Hapo hewa haipati nafasi ya kuingia, chembe husogeleana. Ukitoka ujazo wa ndoo moja ya maji, ardhi nayo hupungua karibu ujazo wa ndoo moja. Ardhi iliyopungua hushuka, na pale inapovutana pande zote hupasuka. Mwishoni chembe hubanana zisiweze kusogea tena, hewa huanza kuingia, na bonge huwa gumu kama tofali.

Tabaka la juu likikauka huwa kama kifuniko, maji ya chini yakapotea polepole. Lakini nyufa hufungua madirisha mapya, na jua na upepo vikaufikia udongo wa ndani, pengine hadi kina cha mita moja na zaidi. Mvua za vuli zikija, maji hutumbukia moja kwa moja katika nyufa hizo, udongo huvimba kuanzia chini, nyufa hujifunga, na baada ya hapo maji hutuama juu. Wakulima wa Usukuma wanaitumia tabia hiyo wanapolima mpunga katika majaruba ya mbugani.

Nyumba haina faida hiyo. Udongo ulio chini ya sakafu, katikati ya nyumba, hubaki na unyevu wake, kwani jua haliufikii. Ule wa pembezoni hukauka na kushuka, kona za nyumba zikashuka nao, na ukuta hukatikia mahali ulipo dhaifu, yaani kwenye pembe za madirisha na milango. Ukiwa na mkaratusi karibu na ukuta, nao unakunywa maji ya upande mmoja, mambo huharakishwa.

Tufanye nini? Kwanza, kiwanja usikitazame Aprili tu, kitazame pia Septemba, ardhi inapoonyesha nyufa zake. Chukua udongo wa chini, uloweke, ushindilie katika kopo hadi ukingoni, uuache ukauke. Ukiona umeachana sana na kuta za kopo, usijenge kabla ya kumwona mhandisi. Atakueleza kama uchimbe msingi upite tabaka linalokauka, au uutoe udongo huo na kushindilia moramu mahali pake.

Kwa aliyekwisha kujenga, kazi ni kuyafanya maji yasibadilike ghafla. Weka mifereji ya paa, uyapeleke maji mbali na msingi. Zungushia nyumba sakafu ya zege yenye upana wa mita moja hivi. Rekebisha bomba linalovuja. Mti mkubwa usikae karibu na ukuta kuliko urefu wake. Kisha weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa, uandike tarehe, ungoje mwaka mzima. Ufa unaopanuka mwaka hadi mwaka ni wa mhandisi, usingoje. Ule unaofunguka na kujifunga hautatulia kwa lipu. Utatulia maji yakitulia.

Mimi nilianza na lililonielemea zaidi. Nilimtafuta yule mzee, nikamwomba radhi mbele ya majirani walewale. Aliikubali, kisha akaniuliza kama mifereji ya paa nimeshanunua. Ile sakafu ya zege inayoizunguka nyumba yangu leo aliijenga yeye.