Kadi ya Zawadi Ni Doo Taslimu: Soma Hii Kabla Utume Picha Yake

Unakumbuka kredo ya kukwaruza? Unabonyeza *141*, unaweka namba 16, unamaliza na #, imeingia. Kadi unatupa. Hakuna mtu anakuuliza jina wala kitambulisho.

Sasa hizi kadi za zawadi za Apple, Google Play na Steam ziko hivyo tu. Doo haiko kwa plastiki, iko kwa namba. Mwenye ataziingiza kwanza ndiye amekula. Wa pili anaambiwa imeshatumika. Ukituma M-Pesa kwa namba si yake, unaforwadi meseji kwa 456 na kuomba Mungu. Kadi ikishatumika, hakuna 456 yake. Ndio maana matapeli wanazipenda hivyo.

Kwa hivyo shika rada:

Mpenzi wa majuu. Mmejuana wiki mbili, anataka kadi ya Steam ya dola 100, na "nipigie tu picha ya nyuma". Buda, siste, huyo hakupendi, anapenda hiyo picha. Hata bosi wa kazi ya mtandaoni anayetaka ulipe kwa kadi ndio uanze kazi ni yule yule. FTC, watu wa serikali ya Marekani wanaolinda wateja, husema wazi: anayekulazimisha kulipa kwa kadi ya zawadi ni tapeli.

Kadi ya nusu bei Telegram. Anayekuuzia bado ana zile namba. Anaweza kuzitumia kabla hujafungua app.

Nchi. Kadi ya Apple ya Marekani haiingii kwa akaunti ya Kenya. Uliza kabla ununue.

Vocha ya supa. Angalia inaisha lini, na uulize kama chenji inarudi. Usijipate umebuy sabuni ya kumaliza thao.

Kama shida yako ni kulipia app ama muvi tu, si lazima kadi ya zawadi. M-Pesa GlobalPay, ile Visa ya simu iliyotoka 2022, inakata kwa M-Pesa yako. Piga *334#.

Na kama umeshachomwa? Usione haya ukanyamaza. Weka kadi na risiti, pigia kampuni ya kadi saa hiyo hiyo. Kama bado haijatumika, wanaweza kuifunga. Kisha ripoti polisi. Kila dakika unakaa ukilia, mwenzako anakula.