Spika Nzuri Inaacha Nini?

Katoni za redio za sabufa zilizopangwa hadi darini katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na ya barabara ya Luthuli, Nairobi, hujinadi kwa namba, na namba iliyoandikwa kwa wino mnene kuliko zote ni ya wati. Utasoma wati elfu kadhaa, zikifuatwa na herufi PMPO. Igeuze redio hiyohiyo usome kibandiko cha nyuma kinachoeleza umeme inaovuta kutoka ukutani, na mara nyingi utakuta wati 40, 60, pengine 100. Hakuna amplifaya inayoweza kutoa kwa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayopewa, na PMPO ni hesabu ya nguvu ya kufumba na kufumbua ambayo haina hata kanuni moja ya kuipima. Marekani ilichoshwa na michezo ya aina hii mapema: mwaka 1974 tume yake ya biashara iliweka sheria ya jinsi wati za amplifaya zinavyopaswa kupimwa kabla ya kutangazwa. Lakini wati za kubabaisha ni kosa dogo. Kubwa zaidi ni dhana iliyoko nyuma yake, kwamba spika bora ni ile inayotoa vingi. Ukizitazama spika ambazo wapenzi wa sauti safi wamezienzi kwa miaka 50, 60 na zaidi, unakuta kila moja iliacha kitu kwa makusudi, na zilizodumu katika mapenzi yao ni zile ambazo, pamoja na yote ziliyoacha, hazikugusa sauti za katikati, mahali anapokaa mwimbaji.

Kuacha huko kunalazimishwa na fizikia. Spika hufanya kazi kwa kusukuma hewa: umeme unapita kwenye koili iliyo ndani ya sumaku, koili inasukuma koni, koni inasukuma hewa. Muundo huo kwa jumla ni uleule ambao Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric waliueleza mwaka 1925. Shida ni besi. Ili koni itoe mtikisiko 40 kwa sekunde, yaani hezi 40, kwa ukubwa uleule wa sauti iliokuwa nao kwenye hezi 80, inabidi isogee mbele na nyuma mara nne zaidi. J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Marekani ya KLH, ndiye anayetajwa kuliweka jambo hili katika kanuni ambayo mafundi wanaiita ya chuma: boksi dogo, besi ya kina, na sauti kubwa kwa umeme kidogo ni vitu vitatu ambavyo mnunuzi anavitaka vyote, na mtengenezaji anaweza kumpa viwili tu.

Paul Klipsch, mhandisi wa Hope, Arkansas, aliachana na udogo. Spika yake ya Klipschorn, iliyoanza kuuzwa mwaka 1946 na kutengenezwa kwa miongo mingi baadaye, ina kimo cha mtoto wa shule ya msingi na inakaa pembeni mwa chumba, kuta mbili za nyumba zikigeuka kuwa sehemu ya tarumbeta inayokuza besi. Kwa wati moja tu inatoa sauti ya zaidi ya desibeli 100 ukiwa mita moja kutoka kwake, sauti ya kukufanya uzibe masikio. Edgar Villchur alikwenda njia nyingine. Mwaka 1954 yeye na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts, wakaziba boksi pande zote na kuifanya hewa iliyofungiwa ndani iwe ndiyo springi ya koni. Ghafla besi iliyokuwa ikihitaji kabati la nguo ikatoka katika boksi la kuweka juu ya rafu. Bei yake ilikuwa umeme: spika hizo zilikula wati nyingi ili kutoa sauti ya kawaida. Kampuni hiyo ilikuwa na ujasiri wa kuziweka spika zake za AR-3 jukwaani pamoja na wanamuziki wa Fine Arts Quartet, muziki ukihama kati ya fidla za watu na rekodi, hadhira ikiachiwa ikisie ni upi ni upi.

Spika ya tatu ndiyo inayonivutia kuliko zote kwa sababu iliacha mengi kuliko zote. LS3/5A ilibuniwa na wahandisi wa idara ya utafiti ya BBC mwanzoni mwa miaka ya 1970, kutokana na majaribio ya kupima akustika ya studio kwa kutumia vielelezo vidogo, ikapewa kazi ndani ya magari ya matangazo ya nje ambamo spika kubwa haikupata nafasi. Kimo chake ni sentimita 30 tu. Haina besi ya kina. Wala haitoi sauti kubwa: wati moja inayoifanya Klipschorn itikise nyumba haiifikishi LS3/5A hata desibeli 85. Tofauti ya desibeli 20 ni tofauti ya mara 100 kwa nguvu ya umeme, kwa hiyo wati 100 kwenye kijisanduku hicho cha BBC zinafanya kazi ambayo Klipschorn inaifanya kwa wati moja. (Anayenunua spika kwa kuhesabu wati aisome sentensi hiyo mara mbili.) Ni nini basi kilichobaki? Sauti ya binadamu. Mtangazaji alipaswa kusikika kwenye gari jinsi anavyosikika akiwa amesimama mbele yako, na kazi yote ya wahandisi ilielekezwa huko. Kampuni kadhaa za Uingereza, zikiwemo Rogers, Spendor na Harbeth, zilipewa leseni ya kuitengeneza, na watu ambao hawajawahi kuendesha gari la matangazo wakainunua wakaiweka sebuleni. Mapenzi kama hayo yaliipata pia spika ya Quad ya Peter Walker, iliyotoka mwaka 1957, ambayo haina koni wala boksi. Ina utando mwembamba wa plastiki unaotikiswa na umeme tuli. Haipigi kwa kishindo, na kwenye besi ya chini kabisa ni dhaifu, lakini wapo wanaoamini hadi leo kwamba hakuna iliyowahi kumrudisha mwimbaji chumbani kwa uaminifu kuliko hiyo.

Mtu anaweza kusema mapenzi ya wakusanyaji wa vyombo vya zamani hayathibitishi kitu. Ni mapenzi ya mali adimu, na kila mtu ana sikio lake. Hoja hiyo ina nguvu, na ingeshinda kama Floyd Toole asingeijaribu. Toole alikuwa mtafiti katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, mjini Ottawa, na katika miaka ya 1980 aliwaketisha wasikilizaji mbele ya pazia, nyuma yake zikiwepo spika zilizosawazishwa zisipishane kwa ukubwa wa sauti, kwa sababu inayopiga juu zaidi, hata kwa kiasi kidogo, huonekana bora. Wasikilizaji wenye masikio mazima walikubaliana kuliko ilivyotarajiwa. Waliyoipenda ilikuwa ile ambayo, ikipimwa katika chumba kisicho na mwangwi, haikukuza wala kudidimiza masafa yoyote, na ambayo sauti inayotoka ubavuni mwake ilifanana na inayotoka usoni. Baadaye Toole alihamia kampuni ya Harman, na mwaka 1994 yeye na Sean Olive wakafanya jaribio ambalo kila muuza spika angependa lisahaulike. Wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo walizipa alama spika nne, mara moja bila kuziona na mara nyingine wakiziona. Pazia likiwepo, seti moja ndogo ya bei rahisi ilisimama bega kwa bega na spika kubwa za fahari. Pazia lilipoondolewa, alama za zile kubwa zikapanda na za ile seti ndogo zikaporomoka. Kuna la kutia shaka zaidi: spika zilipohamishwa kutoka sehemu moja ya chumba hadi nyingine, waliofichiwa spika walisikia tofauti, ilhali waliokuwa wakiziona walikuwa kama hawakuisikia.

Mwaka 2004 Olive alichukua vipimo vya spika 70 na alama zilizopewa na wasikilizaji waliofichiwa spika, akatafuta kama vipimo peke yake vinaweza kutabiri alama. Viliweza, kwa uwiano wa 0.86, na kwa watu wa takwimu huo ni uhusiano mkubwa mno kuuita bahati. Kwa hiyo sikio la kila mtu si kisiwa. Ukiondoa macho, bei na jina, watu wengi huipenda spika isiyotia neno lake katika maneno ya wengine.

Hapa mpenzi wa besi ana haki ya kunyoosha mkono, maana katika hesabu hiyohiyo ya Olive, uwezo wa kushuka kwenye besi ulibeba takriban asilimia 30 ya upendeleo. Tena muziki unaochezwa Afrika Mashariki, kuanzia dansi na rumba hadi Bongo Fleva na singeli, umejengwa juu ya besi; gitaa la besi lina waya wa chini unaotoa hezi 41, na LS3/5A haitakupa noti hiyo kwa uzito wake. Ipo pia sababu ya kimaumbile: tangu mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walionyesha kwamba sauti ikiwa ya chini, sikio husahau besi kabla ya kusahau kitu kingine, kwa hiyo anayesikiliza taratibu usiku ana sababu ya kuiongeza. Nakubali yote hayo. Besi ni haki ya msikilizaji. Swali ni kama sabufa ya katoni inampa besi au inampa kitu kinachofanana nayo. Rudi kwenye kanuni ya Hofmann: boksi ni dogo, amplifaya ni ya wati chache, na mteja anataka kishindo. Kilichobaki kuachwa ni kina. Mtengenezaji hutoboa tundu kwenye boksi na kulipanga livume kwenye ukanda mwembamba, juu kidogo ya mahali besi ya kweli ilipo, na kila noti inayopigwa jirani na ukanda huo hutoka ikiwa mvumo mmoja. Mpiga besi anatembea, anapanda na kushuka, nawe unasikia dum, dum, dum ileile. Vispika viwili vya pembeni, kwa kuwa ni vidogo kama kikombe, haviwezi kushuka kukutana na sabufa, na katikati panabaki pengo. Katika pengo hilo ndimo zilimo sehemu ya chini ya sauti ya mwanamume, kifua cha udi na mwili wa gitaa la kati.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliingiza sauti yake kwenye sahani za santuri huko Bombay kuanzia mwaka 1928, kwa mitambo ambayo haikunasa besi ya kina wala ncha za juu kabisa. Nusu ya kinachojazwa kwenye matangazo ya spika hakimo katika sahani hizo. Zikipigwa kwenye spika yenye katikati timamu, mtu yumo chumbani. Zikipigwa kwenye sabufa yenye pengo, kinachosikika ni mkwaruzo na mwangwi. Sioni ushahidi ulio wazi kuliko huo juu ya kipi kinaweza kuachwa na kipi hakiwezi.

Pingamizi la fedha linabaki, kwa sababu spika nilizozitaja, zikipatikana, huuzwa kwa bei ya kutisha. Ila kilichokuwa siri ya maabara ya BBC si siri tena. Neville Thiele na Richard Small, wakifanya kazi Australia, walichapisha hesabu za kupanga boksi na spika yake, Thiele mwaka 1961 na Small katika miaka ya 1970, na leo kompyuta ya kawaida inazifanya kwa sekunde. Jozi ya spika za njia mbili za kawaida, hata iliyotumika, ikiwa na koni ya inchi tano au sita na twita moja, yaani kispika cha sauti za juu, pamoja na amplifaya ya wati 30 za kweli, inaweza kuipita kwa uaminifu seti ya katoni ya bei inayokaribiana nayo. Nayo sifa haiendi na bei: Yamaha NS-10 ilitoka mwaka 1978 ikiwa spika ya nyumbani, wateja wa nyumbani hawakuipenda, kisha mafundi wa studio wakaichukua kama kioo kikali cha kuonyesha dosari za kazi zao. Kwa sebule siipendekezi.

Halafu kuna chumba, ambacho hakiuziki dukani. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za saruji na sakafu ya vigae, na kuta kama hizo hurudisha karibu kila kinachozipiga. Katika chumba cha urefu wa mita nne, wimbi la hezi 43 hivi husimama kati ya kuta mbili, likivuma kwenye kona na kufifia katikati. Ukiisukumia sabufa kwenye kona umeukoleza mvumo huo. Itoe konani, isogeze hatua kwa hatua hadi besi ianze kubadilika noti, viweke vispika usawa wa masikio badala ya sakafuni, tandika zulia na pazia zito zipunguze mwangwi wa sauti nyembamba. Zulia halitaishika besi ya chini, kwa hiyo mahali pa kuweka spika ndipo dawa ilipo.

Ukifika dukani, beba wimbo unaoujua vizuri, wenye sauti ya mtu na vyombo vichache, taarabu ya zamani ikiwezekana. Omba sauti ishushwe hadi kiwango cha mazungumzo, geuka usiitazame spika, sikiliza kwanza kama mwimbaji ni mtu au ni redio, kisha ufuate mpiga besi uone kama noti zake zinapishana. Muuzaji akikataa kupunguza sauti na kuzima zile taa za rangi, nenda duka la pili.