Je, sumaku yaweza kutibu saratani?

Jioni moja shangazi yangu alifika kwetu akiwa amevaa bangili ya shaba yenye vipande vya sumaku. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, na mchuuzi mmoja wa mjini alikuwa amemhakikishia kwamba bangili hiyo ingeufyonza ugonjwa wote. Aliivaa miezi minne kabla ya kukubali kwenda hospitalini.

Uongo wa aina hii si mpya. Mnamo 1784, Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa aliteua tume, akiwemo Mmarekani Benjamin Franklin, kuchunguza tiba ya "sumaku ya mwili" iliyovumishwa na Daktari Franz Mesmer. Wagonjwa walifungwa vitambaa machoni. Wasipojua kama wanatibiwa au la, nguvu hizo zilitoweka!

Hata hivyo, msomaji, sumaku na saratani zinao uhusiano wa kweli. Ni tofauti kabisa na ule wa mchuuzi.

Seli nyingi za saratani hudhoofika zikipashwa joto la nyuzi 43 hivi. Taabu ni kuupasha moto uvimbe bila kuunguza nyama iliyo kando yake. Mnamo 1957, daktari mpasuaji R. K. Gilchrist na wenzake mjini Chicago walijaribu njia ya ajabu. Walitia chembe za oksidi ya chuma kwenye tezi za mbwa, kisha wakaziweka katika nguvu za sumaku zinazogeuka-geuka kwa kasi. Chembe zilipata moto, na tezi zikapata moto pamoja nazo.

Wajerumani ndio walioifikisha mbali njia hiyo. Kampuni ya MagForce ya Berlin ilitengeneza majimaji yenye chembe za chuma ndogo mno, ambayo daktari huyadunga moja kwa moja ndani ya uvimbe wa ubongo. Mgonjwa kisha hulazwa katika mashine ambayo sumaku yake hugeuka mara 100,000 kwa sekunde. Sumaku ya bangili haigeuki hata mara moja, kwa hivyo haiwezi kupasha kitu chochote moto.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011, wagonjwa 59 waliorudiwa na glioblastoma, saratani kali ya ubongo, walipewa tiba hii pamoja na miale. Nusu yao waliishi zaidi ya miezi 13 tangu uvimbe uliporudi. Inatia moyo, lakini hapakuwa na kundi la kulinganishwa nao, na mimi nisingeiita tiba iliyothibitishwa.

Ina gharama yake pia. Meno yaliyozibwa kwa madini karibu na mahali pa tiba hung'olewa au kuzibwa upya. Na kwa kuwa chuma hubaki kichwani, picha za MRI haziwezi tena kuonyesha vizuri sehemu hiyo. MagForce yenyewe ilifilisika mwaka wa 2022, ingawa watafiti kwingineko wangali wanaifuatilia njia hii.

Shangazi alipasuliwa, na sasa anatumia dawa. Daktari alimweleza bila kuficha: alipoanza kuvaa bangili, uvimbe ulikuwa mdogo, na huenda titi lisingekatwa lote.