Mafuta yanayotoka kwa mimea: faida yake na hatari yake

Masomo ya kusoma: Kutoka 27:20, Nehemia 10:34, Maombolezo 5:4, Luka 14:28-30



Katika mafundisho yetu juu ya uumbaji tumefika kwenye swali ambalo vijana na wakulima wanatuuliza. Wamesikia kwamba leo motokari na kamyo, hata ndege, zinaweza kutembea kwa mafuta yaliyotengenezwa kwa mawese, mahindi au miwa. Je, jambo hilo linaisaidia dunia aliyoiumba Mungu, au linaiharibu? Wengine wanalisifu bila kuuliza, wengine wanalikataa bila kuuliza. Tunaomba mkae nasi kidogo tulichunguze. Siku moja mtu anaweza kufika kijijini na karatasi mkononi, akitafuta shamba la kupanda mimea hiyo. Siku hiyo tutakuwa tumechelewa kuanza kujifunza.

JAMBO LA ZAMANI

Kuwasha moto kwa mafuta ya mimea hakukuanza jana. Katika Kutoka 27:20 Mungu aliwaagiza Waisraeli walete mafuta safi ya zeituni ili taa ya hema iwake daima.

Hata injini zilijaribiwa mapema. Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, injini ndogo ya aina iliyobuniwa na Rudolf Diesel ilitembea kwa mafuta ya karanga. Mwaka 1937 mtaalamu wa Brussels aliyeitwa Chavanne alipewa hati ya uvumbuzi kwa njia ya kugeuza mawese yafae injini za mazutu. Mwaka 1938 basi la abiria lilitumia mafuta hayo kati ya Brussels na Louvain. Wakati ule Wabelgiji walitawala Congo, na mawese yalikuwa zao kubwa la koloni. Basi hadithi hii inatuhusu tangu mwanzo.

Leo kuna aina tatu tunazopaswa kuzitofautisha. Ya kwanza ni alkoli inayotoka kwa miwa, mahindi au muhogo. Unachachusha sukari yake, kisha unaichemsha na kukusanya mvuke. Njia yake ni ndugu ya ile ya wanaopika kanyanga, ila hii inachanganywa na esansi na kutiwa katika motokari. Ya pili ni mafuta ya mbegu na matunda, kama soya na mawese, yanayofanywa mepesi na kuchanganywa na mazutu. Ya tatu ndiyo tunayoijua sisi kuliko wote: kuni na makala. Makala pia ni mmea uliogeuzwa kuwa moto.

FAIDA YAKE

Mungu aliuwekea mmea kazi ya ajabu. Unapokua, unavuta gesi ya kaboni kutoka hewani na kuigeuza kuwa majani, shina na mbegu. Ukiuchoma, gesi ileile inarudi hewani. Ukipanda mwingine mahali pale, unaivuta tena. Ni mzunguko. Esansi na mazutu ya kawaida ni kitu kingine. Yalikaa chini ya ardhi muda mrefu sana, na kuyachoma ni kuongeza hewani gesi iliyokuwa imefungiwa. Gesi hiyo ikizidi, inazuia joto lisitoke, kama blanketi juu ya mtu mwenye homa, na majira ya mvua yanavurugika. Hii ndiyo sababu mataifa yanatafuta mafuta ya mimea.

Mfano unaosifiwa zaidi ni Brazili. Bei ya petroli ilipopanda sana, Serikali yao ilianzisha mwaka 1975 mpango mkubwa wa alkoli ya miwa. Leo zaidi ya robo ya kila litre ya esansi wanayouza ni alkoli. Muwa una faida ya pekee. Ukiisha kukamuliwa, makapi yake yanachomwa kiwandani ili kuchemsha maji ya muwa uleule, hata kutoa umeme. Kwa hiyo kiwanda hakihitaji mazutu mengi.

Kuna faida nyingine iliyo wazi kabisa, nayo ni ya mabaki. Mafuta yaliyokwisha kukaangia yanaweza kugeuzwa kuwa mafuta ya injini. Kinyesi cha ng'ombe na nguruwe kikifungiwa katika shimo lisiloingiza hewa kinatoa gesi ya kupikia, na kinachobaki ni mbolea nzuri. Hapo hakuna mti uliokatwa wala shamba lililochukuliwa.

HATARI YAKE

Hatari ya kwanza ni kusahau kitu kilichokuwa kimesimama mahali pale kabla ya shamba. Msitu mkubwa umehifadhi kaboni katika miti na udongo kwa miaka mingi. Ukiukata na kuuchoma ili kupanda michikichi, ile mingazi yetu ya mawese, gesi nyingi inatoka upesi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walihesabu deni hilo. Msitu wa mvua wa Indonesia na Malaysia ukigeuzwa kuwa shamba la mawese ya injini, deni linalipwa kwa miaka 86 hivi. Lakini msitu ukiwa umesimama juu ya udongo mweusi wa kinamasi, ule wa majani yaliyooza nusu ndani ya maji, deni ni miaka zaidi ya 400. Sababu yake ni kwamba ili michikichi iote, maji yanaondolewa kwa mifereji. Udongo ukikauka unaendelea kuoza na unashika moto kwa urahisi. Mwaka 2015 moto wa namna hiyo ulijaza moshi Indonesia hata nchi za jirani.

Jambo hilo liko Asia, lakini linatugusa. Mwaka 2017 wataalamu walionyesha kwamba udongo wa namna hiyo uko pia katika bonde la kati la mto Congo, upande wa Mbandaka na Mai-Ndombe mpaka Congo-Brazzaville. Wakati ule walikadiria eneo lake kuwa kilomita za mraba 145,000 hivi, na ndani yake kaboni karibu tani milioni elfu thelathini. Mchikichi ni mti wa Afrika yetu na unapenda joto na mvua. Mtu akitazama ramani bila hofu ya Mungu, ataona mahali pazuri pa kupanda. Lakini kukausha kinamasi hicho ni kufungua ghala ambalo hatuwezi kulifunga tena.

Hatari ya pili ni chakula. Mahindi yakienda kiwandani hayaendi sufuriani. Marekani inatumia zaidi ya sehemu moja kwa tatu ya mahindi yake kutengeneza alkoli, ingawa sehemu ya masalio inarudi kulishwa mifugo. Bei ya chakula ilipopanda duniani mwaka 2007 na 2008, mafuta ya mimea yalikuwa moja ya sababu, pamoja na ukame na bei ya petroli. Tena faida ya mahindi kwa hewa ni ndogo kuliko ya miwa, kwa sababu trakta, mbolea na kiwanda chenyewe vinatumia petroli na gesi nyingi.

Hatari ya tatu ni ahadi zisizotimia. Miaka ishirini hivi iliyopita watu wengi walihubiri mmea wa mbono, wakisema unaota penye udongo maskini na hauleti njaa. Ni kweli unaota, lakini penye udongo maskini unazaa kidogo. Ili uzae vizuri unataka udongo mzuri na maji, yaani shamba la chakula. Na mbegu zake zina sumu. Soko likikosekana, huwezi kuzila. Huko Kisarawe, Tanzania, kampuni ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 ili kupanda mbono. Mwaka 2011 kazi ilisimama. Watu walipoteza ajira, na ardhi waliyoitoa haikurudi mikononi mwao.

Hapa kwetu tujue jambo hili: kwa sheria ya mwaka 1973, ardhi ya Congo ni mali ya Serikali, na mtu anapewa haki ya kuitumia. Familia inayolima kwa desturi ya mababu bila karatasi ni rahisi kusukumwa.

NA MAKALA YETU?

Tusitazame Indonesia tu na kusahau babula iliyo mlangoni. Katika matanuru ya udongo tunayoyajua, kilo moja ya makala inakula kilo 5 mpaka 10 za kuni, au zaidi. Makala mengi ya Goma yametoka katika miti ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Kule mzunguko tuliousema umekatika, kwa sababu anayekata hapandi. Mvua ikinyesha, udongo unashuka na chemchemi zinapungua. Moshi nao unaumiza mapafu ya mama zetu na watoto wanaobebwa mgongoni jikoni.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mama anayeuza makala sokoni alipe masomo ya watoto wake. Wengi wao ni washirika wetu, na hatuwezi kumwambia mtu aache kazi bila kumsaidia kuona njia nyingine. Njia ipo. Tangu mwaka 2007, kwa mpango wa EcoMakala ulioanzishwa na shirika la WWF kando ya Virunga, wakulima wamepanda miti katika mashamba yao wenyewe ili makala yatoke huko badala ya hifadhi. Kitu ni kilekile, makala, lakini mahali yalipotoka ni tofauti.

NENO LINATUFUNDISHA NINI?

Nabii katika Maombolezo 5:4 analia kwamba watu wananunua maji yao na kuni zao wenyewe. Kwake hiyo ni alama ya taifa lililoanguka. Sisi tumeizoea.

Sasa soma Nehemia 10:34. Watu waliorudi kutoka utumwani walikuwa na madhabahu iliyohitaji moto kila siku. Walifanya nini? Walipiga kura, makuhani, Walawi na watu wote pamoja, wakapanga kila jamaa italeta kuni wakati gani, mwaka kwa mwaka. Moto wa ibada ulikuwa mtakatifu, na bado walikaa chini kupanga kuni zitatoka kwa nani na lini. Mtu wa Roho anaweza pia kuwa mtu wa mpango. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka 14:28-30, anatufundisha kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: mafuta ya mimea yanakuwa mema au mabaya kulingana na mahali mmea ulipopandwa na kilichoondolewa ili upandwe. Tukiletewa mpango wowote, tuulize maswali manne kabla ya kutia sahihi:

1. Mahali hapa palikuwa na nini? Kama ni msitu au kinamasi, hasara itakuja kabla ya faida.
2. Nani alikuwa anakula kutoka shamba hili, naye atakula wapi kesho?
3. Maji yatatoka wapi, na dawa za shamba zitateremka kwenye mto wa nani?
4. Kampuni ikianguka, ardhi itarudi kwa nani? Jibu liandikwe katika karatasi, na karatasi isomwe mbele ya watu wote kwa lugha wanayoielewa.

KAZI YA KANISA

Tuanze nyumbani mwa Mungu. Kila mkutano mkubwa na kila seminari ya mama tunachoma makala magunia kwa magunia. Kamati ziandike hesabu yake. Parokia yenye kiwanja ipande miti ya kuni, na kila idara ipewe zamu yake kama siku za Nehemia. Mikaliptusi inakua upesi, lakini inakunywa maji mengi. Isipandwe karibu na chemchemi. Mama zetu watumie babula zinazoshika moto vizuri, walowanishe maharagi usiku kabla ya kupika, na wafunike sufuria. Wenye ng'ombe au nguruwe wafikirie shimo la gesi, hata familia tatu au nne kwa pamoja.

Mungu alimweka mwanadamu katika bustani ailime na kuitunza. Kulima bila kutunza ni nusu ya amri.

Tuombe: Bwana, utupe macho ya kuona gharama kabla ya faida. Uwalinde wakulima wetu wasidanganywe. Utufanye waaminifu juu ya miti, maji na udongo uliotukabidhi. Kwa jina la Yesu. Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani juma hili: Makala ya nyumba yako yanatoka mlima gani? Nani amepanda mti mahali pale?

Mungu awabariki.