Mbizi Mbili Kabla Meli Haijang'oa Nanga

Saa mbili asubuhi meli ya kitalii imekwisha kufunga kamba kwenye gati la Cozumel, kisiwa cha Meksiko katika Bahari ya Karibi. Abiria wanateremka kwa maelfu. Wengi wanafuata vibao vilivyoshikwa na wafanyakazi wa meli na kupanda mabasi yanayowangoja. Wachache, mkoba wa wavu begani na miwani ya maji ikichungulia ndani yake, wanapita moja kwa moja hadi barabarani na kukodi teksi. Safari yao ni fupi, hadi gati dogo la mashua. Huko kuna mashua ya watu wanane, mitungi ya hewa imesimamishwa safu mbili na nahodha ameshawasha mashine. Saa tatu na nusu watakuwa mita ishirini chini ya maji, wakichukuliwa na mkondo kando ya ukuta wa matumbawe. Saa nane watakuwa wamerudi melini, chumvi ikiwa bado nyweleni.

Safari hiyo hawakuinunua melini. Waliipanga wenyewe wiki kadhaa kabla ya kuondoka nyumbani, kwa barua pepe chache na hesabu makini ya saa.

Karibu kila meli inayozunguka Karibi huuza safari za kupiga mbizi bandarini, na safari hizo zina faida moja kubwa: zikichelewa, meli hungoja, au kampuni hubeba jukumu la kumfikisha abiria bandari inayofuata. Aliyejipangia hana kinga hiyo. Bado wapiga mbizi wengi huchagua kujipangia, na sababu huonekana ndani ya mashua. Safari ya meli inaweza kukusanya watu ishirini wa viwango mbalimbali, aliyepata cheti mwezi uliopita pamoja na aliyezoea bahari miaka thelathini. Kundi lote hufuata mwendo wa mgeni kuliko wote. Mashua ndogo ya wenyeji hubeba sita au wanane, kiongozi wao hupata nafasi ya kumtazama kila mmoja, na mahali pa kushukia huchaguliwa kwa kuangalia upepo na mkondo wa siku hiyo. Malipo nayo humfikia mwenye mashua moja kwa moja.

Kazi yenyewe huanza na saa. Meli inayokaa bandarini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni haimpi abiria saa tisa kamili. Asubuhi hupotea nusu saa au zaidi wakati maofisa wa bandari wanatoa ruhusa na abiria wanateremka. Jioni mlango hufungwa mapema. Kwa kawaida abiria wote hutakiwa kuwa ndani nusu saa kabla ya meli kuondoka. Mbizi mbili za mashua, pamoja na mapumziko ya juu baina yake, huchukua saa nne hivi. Ndiyo maana mpangaji mzuri huhesabu kinyumenyume. Huanza na dakika ya mwisho ya kupanda meli, hutoa saa mbili za akiba kwa mashine kuharibika au barabara kuziba, kisha huuliza ni mashua ipi itakayomrudisha kabla ya hapo.

Zaidi ya hayo, lazima ajue anahesabu saa ya nani. Tangu mwaka 2015 jimbo la Quintana Roo, ambalo Cozumel ni sehemu yake, limekuwa na saa moja isiyobadilika mwaka mzima. Miami husogeza saa mbele wakati wa kiangazi. Meli iliyotoka Miami mwezi wa Julai ikiendelea kutumia saa za Miami, itakuwa mbele ya kisiwa kwa saa nzima. Tangazo likisema mwisho wa kupanda ni 16:30, saa ya ukutani katika mgahawa wa Cozumel itakuwa inaonyesha 15:30. Abiria anayeamini ukuta ule atarudi gatini na kukuta maji matupu. Simu nayo hujibadilisha yenyewe ikishika mtandao wa nchi kavu, kwa hiyo dawa ni saa ya mkononi iliyowekwa kwa saa za meli na kuachwa hivyo.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna tahadhari moja zaidi. Sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na wengi tumezoea kutafsiri kichwani bila kufikiri. Katika siku ambayo saa ya meli na saa ya kisiwa zinapishana, saa ya tatu kichwani ni kero ya bure. Kila miadi na iandikwe kwa tarakimu kama ilivyo kwenye tiketi, 08:30 au 13:15, na pembeni yake iandikwe kama ni ya meli au ya nchi kavu.

Barua ya kwanza kwa kampuni ya mbizi itaje jina la meli, tarehe, gati, kiwango cha cheti na tarehe ya mbizi ya mwisho. Mwenye mashua anayehudumia abiria wa meli huijua ratiba ya bandari, naye hujibu maswali haya bila kusita: Mashua inaondoka saa ngapi na kurudi saa ngapi? Abiria anachukuliwa gatini au anajifikisha? Kiongozi mmoja anasimamia watu wangapi? Kuna hewa ya oksijeni ya dharura mashuani? Na lile la muhimu kuliko yote: meli ikishindwa kutia nanga, fedha zinarudishwa? Upepo ukivuma vibaya nahodha wa meli hupita bandari bila kusimama, na abiria hana la kufanya. Kampuni nyingi za visiwani huliona jambo hilo kuwa la kawaida, na hurudisha malipo au hazitozi kabisa. Jibu lake lazima lipatikane kwa maandishi kabla ya kulipa.

Bandari zenyewe hazifanani. Cozumel ni rahisi kwa sababu matumbawe yako karibu na mji. Huko hupigwa mbizi ya mkondo: mtu hashindani na maji, huyaachia yambebe mbele ya kuta za Palancar au Santa Rosa, na mashua hufuata mapovu kwa juu. Mwishoni kundi husimama mita tano kutoka juu kwa dakika tatu. Kiongozi hupuliza hewa ndani ya mrija wa rangi ya chungwa, mrija unapanda na kusimama wima juu ya maji, na nahodha anajua pa kuwaokota. Eneo hilo ni hifadhi ya taifa tangu 1996, hivyo mgeni hulipa ada ndogo na haruhusiwi kuvaa glavu wala kubeba kisu.

Grand Cayman ni habari nyingine. George Town haina gati la meli kubwa. Meli hutia nanga nje na abiria hushushwa kwa boti ndogo. Mara nyingi walionunua safari za meli hutangulia, na aliyejipangia huchukua zamu. Saa nzima inaweza kupotea hapo, kwa hiyo miadi ya mashua isiwe ya mapema asubuhi. Anayefaulu hupata zawadi: Kittiwake, meli ya zamani ya jeshi la majini la Marekani, iliyozamishwa makusudi mwezi wa Januari 2011 ili iwe makazi ya samaki na shule ya wapiga mbizi. Iko kina kisichozidi sana mita 20. Dhoruba ya mwaka 2017 iliilaza ubavu, na sasa anayepita vyumbani mwake huona ngazi zimelala kama ukuta.

Roatán, kisiwa cha Honduras, kiko juu ya tumbawe kubwa la Mesoamerika, linaloanzia rasi ya Yucatán na kuenea takriban kilomita 1,000. Mahali pengi tumbawe liko dakika chache tu kutoka ufukweni, hivyo mbizi mbili huingia ndani ya siku ya bandari bila mbio. Belize huvutia kwa jina la Shimo la Buluu, duara lenye upana wa zaidi ya mita 300 ambalo Jacques Cousteau alilitangaza duniani mwaka 1971. Lakini shimo hilo liko kilomita 70 hivi kutoka Belize City, na abiria wa meli kwanza hushushwa kwa boti kutoka mbali baharini. Kwa siku moja ya bandari hesabu haikubali. Anayelitaka sharti alale Belize.

Kisha kuna Bonaire, kisiwa cha Uholanzi ambako mtu aweza kupiga mbizi bila mashua kabisa. Bahari inayokizunguka imehifadhiwa tangu 1979, na kando ya barabara ya pwani kuna mawe ya manjano yaliyoandikwa majina, kila moja likionyesha mahali pa kuingilia. Watu wawili hukodi gari, hupakia mitungi nyuma, huegesha kwenye jiwe na kutembea hadi majini. Kabla ya hapo hulipa ada ya hifadhi na kufanya mbizi ya kwanza ya kujipima chini ya uangalizi wa kampuni iliyowapa vifaa. Usalama hapa uko mikononi mwao wenyewe: mwenzi wa kuaminika, kipimo cha hewa kinachosomwa mara kwa mara, na saa.

Mwili pia una ratiba yake. Hewa inayovutwa chini ya maji huingiza naitrojeni katika damu na nyama, na mtu akipanda haraka gesi hiyo hutoka kwa mapovu na kuleta maumivu, kupooza, hata kifo. Tiba ni chumba cha mgandamizo, na vyumba hivyo vipo Cozumel, Grand Cayman na Roatán. Meli za kitalii kwa kawaida hazinavyo. Hatari hiyohiyo hurudi ndani ya ndege, ambako mgandamizo wa hewa hushuka. Shirika la usalama wa wapiga mbizi, DAN, hushauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Ikiwa bandari ya mwisho ni siku moja kabla ya kuteremka Miami na ndege ni ya asubuhi, mbizi ya alasiri haifai. Bima ya safari nayo isomwe vizuri, kwa kuwa nyingi hazigusi mbizi au huishia kina fulani. Na cheti cha mwanzo kina mpaka wa mita 18. Mbizi za likizo si mahali pa kuuvuka.

Wasomaji wenye pasi za Kenya, Tanzania au Uganda wana hatua ya ziada kabla ya yote hayo. Meli inayotoka Florida na kurudi Florida humwondoa abiria Marekani na kumwingiza tena, hivyo viza inayoruhusu kuingia mara moja tu inaweza kumkwamisha, na kila kisiwa njiani kina masharti yake. Siku ya mbizi, nakala ya pasi, kadi ya benki na namba ya wakala wa meli bandarini, ambayo huandikwa kwenye ratiba ya kila siku melini, viwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Aliyeachwa na meli hujigharimia hadi bandari inayofuata, na wakala ndiye mtu wa kwanza wa kumpigia.

Upande wa pili wa jambo hili ni matumbawe yenyewe, nayo yana hali ngumu. Ugonjwa unaokula nyama ya matumbawe magumu ulionekana Florida mwaka 2014, ukafika Cozumel mwaka 2018, na mwaka uliofuata sehemu za hifadhi yake zikafungwa kwa muda ili zipumue. Baadaye uliingia Roatán, Cayman na Bonaire. Mpiga mbizi wa meli hugusa maji ya visiwa vitatu au vinne ndani ya wiki moja, akiwa na fulana na viatu vilevile. Kuosha vifaa kwa dawa iliyopendekezwa na kisiwa husika, kuvisuuza kwa maji baridi na kuvikausha vizuri kabla ya bandari inayofuata ni deni analodaiwa kila anayeshuka.

Huko chini mtu wa Mombasa au Kilwa anaweza kukutana na samaki anayemfahamu. Samaki simba, mwenye mistari na miiba yenye sumu, asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Alionekana pwani ya Florida mwaka 1985 na sasa ameenea Karibi nzima, akila samaki wadogo wasiojua kumkwepa. Kwetu ni sehemu ya tumbawe. Kule visiwa vimewapa wapiga mbizi wenye vibali ruhusa ya kumwinda.

Kusini zaidi, katika kisiwa cha Grenada, kuna meli ya abiria ambayo haikuondoka tena. Bianca C, meli ya Kiitalia, ilishika moto mwezi wa Oktoba 1961 nje ya bandari ya St. George's. Wakazi walitoka kwa mashua zao, wakaokoa karibu watu wote waliokuwamo, wakawalaza majumbani mwao. Meli ikazama baada ya siku mbili. Leo imekaa kina cha mita 50 hivi, na wenye mafunzo ya juu tu ndio hufika sehemu zake za juu. Wenye cheti cha mwanzo huenda ghuba ya Molinere, kwenye bustani ya sanamu za chini ya maji iliyofunguliwa mwaka 2006. Kampuni ya Bianca C iliwashukuru watu wa Grenada kwa sanamu ya shaba ya Kristo, mikono juu, iliyosimama pwani ya Carenage, kando ya bandari hiyo ya St. George's. Mpiga mbizi aliyehesabu saa zake vizuri hubakiwa na muda wa kwenda kuitazama, mkoba wa wavu ukidondosha maji, kabla ya kurudi gatini.