Kiduha, Mwizi wa Mtama Wetu

Wengi wetu hapa Singida Mjini bado tunalima mtama na uwele. Je, umewahi kuona mtama umedumaa na kunyauka kama wenye kiu, ingawa mvua imenyesha? Tumemsikia mama mmoja akimshutumu jirani yake kwamba amemloga shamba. Jamani, tusigombane. Mwizi ni kiduha, ambacho wengine hukiita gugu chawi.

Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 ikingoja mzizi wa mtama, uwele au mahindi. Mzizi ukifika karibu, mbegu huota, huung'ang'ania na kuunyonya maji na chakula, kama minyoo tumboni mwa mtoto. Maua yake mekundu au ya zambarau yakionekana, madhara yamekwisha kuanza chini ya ardhi.

Tufanye nini?

Tuking'oe kabla hakijachanua na kumwaga maelfu ya mbegu. Tusichukue mbegu za kupanda kutoka shamba lenye kiduha. Tutie samadi. Tubadilishane mtama na alizeti, karanga au kunde. Mizizi yake huamsha mbegu za kiduha, lakini hazipati cha kunyonya, zinakufa. Tumwulize bwana shamba juu ya mtama aina ya Hakika na Wahi, ulioidhinishwa nchini mwaka 2002, unaostahimili kiduha.

Kazi hii si ya msimu mmoja. Yule mama na jirani yake sasa wanang'oa pamoja.